Shule inatukumbuka paka siku ya feza

Simama kando ya barabara ya taifa namba 5 hapa Luvungi, siku za mwisho wa mwezi, asubuhi saa tatu. Utaona kitu ambacho macho yetu yameshazoea. Watoto waliovaa bleu na nyeupe wanarudi nyumbani. Saa moja walikuwa wanakwenda, saa tatu wanarudi. Uliza mmoja wao, atakujibu bila kusimama: «Banatufukuza juu ya feza ya masomo.»

Wengine wanafika nyumbani. Wengine hawafiki. Kuna wanaozunguka sokoni mpaka saa ya kutoka darasani, halafu wanaingia nyumbani na kaye mkononi kama vile walisoma. Kuna wanaofuata wakubwa kwenda kuosha mchanga mtoni. Na baba yao, ambaye iko Kamituga, Luhwinja ao Misisi ndani ya shimo, anaendelea kufikiri kwamba mtoto amekaa darasani.

Mimi ni mtu wa sindika ya wachimbaji. Kwa kawaida tunaongea juu ya miti ya kushikilia shimo, juu ya bei ya grama, juu ya karte ya mchimbaji. Mambo ya shule tulikuwa tunaachia waalimu na mapadiri na wachungaji. Nilibadilisha mawazo ile siku jambo lilinipata mimi mwenyewe.

Nilikuwa machimboni, upande wa Mwenga, mwezi wa pili bila kushuka. Jioni moja mwenzangu aliyetoka nyumbani aliniambia: «Mkubwa, mtoto wako wa pili nilimwona ku mto, anaosha muchanga na wale vijana.» Nilikataa. Nikasema huyo ni mwingine, wangu anasoma. Nilipopiga simu, mama yake akaniambia wako likizo. Likizo gani katikati ya mwezi wa pili?

Tulipochunguza, tukapata hivi. Shule ilikuwa imemtuma mtoto na karatasi. Karatasi ilikuwa ya Kifaransa: mzazi anaombwa kufika ofisini ili «kurekebisha hali» ya mtoto wake, bila hivyo mtoto hatapokelewa. Mama hasomi Kifaransa. Akamuuliza mtoto: «Inasema nini?» Mtoto akajibu: «Banasema tupumuzike kwanza.» Wiki tatu zikapita. Shule ilidhani mzazi ni mwenye kichwa kigumu. Mzazi alidhani shule imefungwa. Paka mtoto wa miaka kumi na mbili ndiye aliyejua ukweli, na ukweli huo haukuwa na faida kwake.

Sitaji ile shule, maana ningeweza kutaja nyingi. Na sijifichi: mimi pia, tangu mtoto aanze, sikuwahi kuacha namba yangu ya simu kwa direkta. Kosa lilikuwa la pande mbili. Lakini nataka tulitazame vizuri, kwa sababu kosa hili linatoa watoto wetu darasani kimya kimya, mmoja mmoja, na hakuna mtu anayehesabu.

Shule ilizoea vipi kuongea feza tu?

Hatuwezi kuelewa bila kurudi nyuma. Mwanzo wa miaka ya 1990, wakati wa Mobutu, serikali iliacha kulipa waalimu ipasavyo. Waligoma, shule zikafungwa. Ili watoto wasome tena, wazazi walikubali kutoa kitu kidogo kwa mwalimu, tukakiita prime. Ilikuwa msaada wa muda. Ule muda ulichukua karibu miaka thelathini. Kizazi kizima cha waalimu na wazazi kilikomaa kikijua kwamba mazungumzo kati ya shule na nyumba ni mazungumzo ya deni: umelipa, hujalipa, utalipa lini.

Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ni lazima, na ni bure katika shule za serikali. Ilibaki kwenye karatasi. Ni mwezi wa 9 mwaka 2019 ndipo serikali ya rais Tshisekedi ilianza kuitekeleza kweli, tukapata ile inayoitwa gratuité. Watoto wengi sana waliokuwa nyumbani, hata wale waliokuwa machimboni, waliingia darasani. Hiyo ni kazi kubwa, tusiidharau.

Lakini angalia namna habari ilivyofika kwetu. Tulisikia redioni: masomo ni bure. Hapo tu. Nani alitueleza kwamba bure ni kwa shule ya msingi ya serikali, pamoja na zile za makanisa zinazolipwa na serikali, wala siyo kwa shule za watu binafsi? Nani alitueleza kwamba kwenye sekondari mzazi anaendelea kulipa, na kwamba kiasi kinawekwa kila mwaka na arrêté ya gavana wa jimbo, siyo na kichwa cha prefe? Nani alitueleza juu ya waalimu ambao wanafundisha lakini majina yao hayajaingia kwenye liste ya mshahara, wale wanaoitwa nouvelles unités?

Hakuna. Basi kila mtu alijitungia maelezo yake. Mzazi anasema: «Raisi alishalipa, direkta anatuibia.» Direkta naye ana waalimu wasiolipwa, anaomba wazazi feza chini chini, kwa jina lingine: leo ni ya kalamu, kesho ni ya ulinzi, kesho kutwa ni ya mtihani. Kwenye shule ya msingi ya serikali, kumfukuza mtoto juu ya feza hizo siyo halali. Lakini hata pale ambapo haja ni ya kweli, inaombwa kwa kificho, na kitu kinachoombwa kwa kificho kinafanana na wizi hata kama siyo wizi.

Baadaye tuliona tena. Shule zilipaswa kufunguliwa tarehe 2 mwezi wa 9 mwaka 2024. Katika shule nyingi za serikali za Kivu ya Kusini waalimu waligoma kwa wiki kadhaa, wakidai mshahara unaofaa. Mimi mtu wa sindika siwezi kulaumu mfanyakazi anayegoma, na mapatano waliyofanya na serikali kule Bibwa mwaka 2021 wanayakumbuka vizuri. Lakini mgomo pia unahitaji kuelezwa. Kila asubuhi watoto waliamka, wakavaa, wakaenda, wakarudi. Mama aliuliza mtoto: «Mutaanza siku gani?» Mtoto akajibu: «Sijue.» Kwetu machimboni, ukisimamisha kazi bila kueleza familia kwanini, familia itakuwa ya kwanza kukupinga. Waalimu wangetueleza, wazazi wengi wangesimama pamoja nao.

Barua ya Kifaransa kwa mama wa Kifuliiru

Jambo la pili ni lugha. Sheria kubwa ya elimu ya tarehe 11 mwezi wa 2 mwaka 2014 inakubali lugha za taifa na lugha za fasi zitumike kufundishia watoto. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa katika katiba. Mtoto wa mwaka wa kwanza anafundishwa kwa Kiswahili ili aelewe. Lakini mama yake, ambaye pengine hakumaliza hata mwaka wa tatu, anaandikiwa kwa Kifaransa cha ofisi. Hiyo akili inatoka wapi?

Najua jibu: Kifaransa kinaonyesha heshima ya shule. Lakini karatasi isiyoeleweka haina heshima, ina hofu tu. Mama akiona muhuri na Kifaransa anajua jambo moja: kuna shida, na pengine ni feza. Anaikunja, anaiweka chini ya godoro, anangoja baba arudi. Baba atarudi Noeli.

Ubaya zaidi ni kwamba mtafsiri ni mtoto. Tunampa mtu anayeshtakiwa kazi ya kusoma mashtaka yake. Mtoto aliyepata alama mbaya ndiye anayemweleza bibi yake maana ya wino mwekundu kwenye buletini. Mtoto aliyekosa darasa siku tano ndiye anayebeba barua ya kusema alikosa. Siwalaumu watoto. Hata mimi katika umri wao ningesema tupumzike kwanza.

Mzazi wa mchimbaji ni nani?

Shule inapoandika «mzazi», inafikiri mtu mwanamume, anaishi nyumbani, anasoma, anaweza kufika ofisini siku ya Jumanne saa nne. Katika familia za machimbo huyo mtu hayupo. Baba iko mbali miezi miwili, mitatu, kwenye fasi ambako mtandao unapatikana ukipanda juu ya kilima. Mama, Jumanne saa nne, iko katika shamba la mihogo ao la mpunga hapa bondeni, ao ameweka bidhaa sokoni. Kule Kamituga yeye ni wa wale mama watwangaji, wanaosaga mawe kwa mikono tangu alfajiri. Mara nyingi anayebaki na watoto ni bibi ao dada mkubwa.

Mkutano wa wazazi ukiitwa Jumanne saa nne, wanakuja watu kumi na tano, wale wale. Komite ya wazazi inachaguliwa na hao kumi na tano. Prezida anakuwa yule anayejua Kifaransa, mara nyingi ni rafiki ya direkta. Sheria imepanga vizuri: kila shule iwe na komite ya wazazi, na wazazi wawe na mtu wao katika baraza linalosimamia mali ya shule, lile wanaloita COGES. Lakini uliza mama kumi hapa Luvungi nani anawakilisha wazazi kwenye COGES ya shule ya mtoto wao. Mimi niliuliza kwenye mkutano wetu mmoja, wazazi zaidi ya ishirini walikuwa wamekaa. Wawili walijua jina. Mmoja wao alikuwa mke wake.

Na feza yenyewe ina saa yake. Shule ya sekondari inataka minervali kila mwezi. Shimo halizai kila mwezi. Tunaweza kuchimba wiki sita tukitoa maji na udongo tu, halafu siku moja tukafika kwenye mshipa, na ile wiki mtu analipa madeni yote. Prefe anayejua hilo anaweza kupatana na mzazi kwa maandishi: nusu sasa, nusu baada ya produksio. Asiyejua anafukuza mtoto wiki moja kabla feza haijatoka. Nimeona hilo zaidi ya mara moja: baba anashuka na minervali ya miezi mitatu mfukoni, anamkuta mtoto ameshazoea kushika beseni la kuoshea mchanga, anakula feza yake mwenyewe, na hataki tena kukaa kwenye banki ya darasa.

Hapo ndipo jambo la barua linageuka kuwa jambo la maisha. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza mwaka 2009 inakataza kazi mbaya kwa watoto, na Kode ya madini inatoa karte ya mchimbaji kwa mtu mzima tu. Tunazijua. Lakini shimo halisomi sheria. Tarehe 11 mwezi wa 9 mwaka 2020, kule Kamituga, mvua kubwa ilijaza mashimo ya fasi inayoitwa Detroit, na watu wengi walikufa. Kila mara shimo linapoanguka, wazazi wanauliza kwanza: nani alikuwa ndani? Mtoto ambaye nyumba inafikiri iko shuleni, na shule inafikiri iko nyumbani, hakuna atakayemtafuta pale.

Na wasichana tusisahau. Msichana akifukuzwa, haendi shimoni. Anaanza kuuza chakula kwenye kambi za wachimbaji, ao anakaa nyumbani, na baada ya mwaka moja tunaitwa kupokea mahari.

Wengine walifanya nini?

Kwenye formation moja ya sindika tulielezwa habari ya jirani zetu wa Uganda, nikaiweka moyoni. Kati ya mwaka 1991 na 1995, serikali yao ilituma feza za kuendesha shule za msingi. Watu wakachunguza: katika kila shilingi 100 zilizotumwa, karibu 13 tu ndizo zilifika shuleni. Zingine zilipotelea njiani, katika ofisi za wilaya. Wazazi hawakujua kama kuna feza yoyote. Serikali ikaamua kutangaza katika magazeti, hata yale ya lugha za wenyeji, kiasi kinachotumwa kila wilaya, kisha ikaagiza kila shule ibandike ukutani kiasi ilichopokea. Mwaka 2001 ilionekana kwamba zaidi ya 80 katika 100 zinafika. Magazeti siyo dawa peke yake, kulikuwa na mabadiliko mengine pia katika serikali. Lakini karatasi ukutani ilikuwa sehemu ya dawa, na karatasi haina bei kubwa.

Kuna na fundisho la pili, kutoka Kenya. Kule shirika la Uwezo, kuanzia mwaka 2009, lilikuwa linapita nyumba kwa nyumba kupima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, na wazazi walikuwa wanapewa matokeo hapo hapo. Wachunguzi walifuatilia vijiji kadhaa waone kama wazazi waliopewa habari walibadilika. Hawakuona mabadiliko ya maana. Kumwambia mzazi «mtoto wako hajui kusoma» halafu ukaenda zako, haitoshi. Lazima ajue afanye nini, amwone nani, siku gani, na aamini kwamba akisema kitu atasikilizwa.

Ukiunganisha hayo mawili unapata hivi: habari iwe wazi, na iwe na njia ya kurudi. Sisi wachimbaji hatuhitaji kwenda mbali kuelewa. Mtu anayeshuka shimoni ana kamba, na juu kuna mwenzake anayeshika. Wa juu anavuta kuuliza, wa chini anavuta kujibu. Kamba inayovutwa upande mmoja tu ni ya kupandisha mifuko, siyo ya kulinda mtu. Shule nyingi zimetufunga kamba ya kupandisha mifuko.

Tunachoomba

Siandiki haya ili kutukana waalimu. Mwalimu wa darasa lililojaa kupita kipimo, mwenye mshahara unaochelewa, hawezi kupigia kila mzazi simu. Tunaomba vitu vinavyowezekana hapa Luvungi, kesho, bila kungoja Kinshasa.

Kwanza, karatasi ukutani, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Iseme: katika shule hii mzazi halipi kitu fulani, analipa kitu fulani, kiasi hiki, kufuatana na arrêté hii ya gavana. Serikali imetuma kiasi hiki cha kuendesha shule, tumekitumia hivi. Kama kuna waalimu wasiolipwa, isemwe wazi wako wangapi. Komite ya wazazi iweke sahihi chini. Direkta asiye na cha kuficha atapata amani kuliko mtu yeyote.

Pili, mtoto asiwe tena mbeba barua wa mambo yanayomhusu. Mwanzo wa mwaka, kila mtoto aandikishwe na namba mbili: ya nyumbani, na ya machimboni. Kama baba hana simu, iwe ya PDG wa shimo lake ao ya koperative yake. Mtoto akikosa siku tatu, mesaji moja itumwe kwa namba zote mbili, kwa Kiswahili: «Mtoto wako hajafika masomo tangu Jumatatu.» Ni maneno sita tu. Serikali yetu inaweza kutuma matokeo ya mtihani wa mwisho wa sekondari kwa mesaji ya simu, na dakika hiyo hiyo mtaa mzima unajua, watoto wanamwagiana poda nyeupe kichwani. Kama simu inaweza kuleta furaha ya mwaka wa mwisho, inaweza pia kuleta onyo la mwaka wa nne.

Tatu, mikutano iitwe saa ambayo mama anaweza. Jumapili baada ya ibada, ao jioni watu wakitoka shambani. Iwe mifupi, kwa Kiswahili na Kifuliiru, na feza isiwe neno la kwanza. Neno la kwanza liwe watoto: nani anasoma vizuri, nani anasinzia darasani kwa njaa, nani haji. Mzazi aliyesikia kwanza kuhusu mtoto wake atavumilia kusikia pia kuhusu feza.

Nne, buletini isitolewe kama risiti. Mwalimu apange siku mbili, kila mzazi dakika tatu mbele ya meza: hapa ni vizuri, hapa ni vibaya, nyumbani fanyeni hivi. Na ile desturi ya kuzuia buletini juu ya deni iangaliwe upya. Ukizuia buletini unamnyima mzazi habari ile ile ambayo ingemfanya atafute feza.

Tano, tupatane kabla juu ya njia ya habari ya haraka. Hapa bondeni tunajua barabara inaweza kuchafuka kati ya asubuhi na mchana. Kukiwa na milio ya risasi, shule itabaki na watoto ama itawaachilia? Tukutane wapi? Ama ugonjwa: ule wa mpox wa aina mpya ulionekana Kamituga, katika watu wetu wa machimbo, mwezi wa 9 mwaka 2023, na tarehe 14 mwezi wa 8 mwaka 2024 OMS ikatangaza kuwa ni hatari kwa dunia nzima. Bado kuna wazazi wanaoficha mtoto mwenye vipele wakiogopa shule itamfukuza moja kwa moja, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba atarudi akipona. WhatsApp inasaidia wenye simu kubwa na mega. Wengine tuna redio ya mtaa, kengele ya kanisa, na megafone ya chefferie. Wakati wa Covid, mwaka 2020, shule zilipofungwa, Radio Okapi iliwafundisha watoto hewani. Dakika tano za redio kila Jumapili jioni kwa matangazo ya shule haziwezi kutushinda.

Na sisi?

Ningekuwa mwongo kama ningemaliza kwa kudai tu. Shule inaweza kupiga simu, lakini simu inataka mtu wa kuipokea. Wangapi kati yetu tunabadilisha namba kila miezi mitatu bila kumwambia mtu? Wangapi tunajua grama ya jana ilikuwa bei gani lakini hatujui mtoto iko mwaka wa ngapi? Kuna mzazi anayefika shuleni mara moja tu, amelewa, kumtukana mwalimu aliyemchapa mtoto. Mwalimu huyo hatatupigia simu tena, na ana haki.

Kwa hiyo sindika yetu hapa imeanza jambo dogo. Tunaandika katika daftari majina ya watoto wa wachimbaji wetu, shule wanayosoma, na namba ya mtu wa kufikia kule shimoni. Yeyote anayepanda machimboni anabeba habari za shule kama anavyobeba unga na chumvi. Anayeshuka analeta jibu, na mara nyingine minervali, na anaondoka na risiti, siyo na maneno ya mdomo. Direkta wawili wamekubali kufanya kazi na hilo daftari. Mmoja alituambia: «Mimi nilifikiri nyinyi hamtaki watoto wasome.» Tukamjibu kwamba sisi tulifikiri yeye anataka feza tu. Tuliishi mtaa mmoja miaka mingi, kila mmoja na mawazo yake.

Mwezi wa 12 baba wengi watashuka kwa Noeli na Bonne Année. Watapita escarpement ya Ngomo na mifuko, na watoto watawakimbilia barabarani. Ndugu yangu, ukifika, kabla ya kutafuta marafiki, omba buletini na kaye. Kama husomi, mwite jirani anayesoma, asiwe mtoto mwenyewe. Angalia tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye kaye. Kama ni ya wiki tatu zilizopita, usimpige mtoto. Mshike mkono, mwende pamoja kwa mwalimu hata kama ni likizo, maana waalimu wetu wanaishi hapa hapa. Muulize jambo moja: mtoto huyu anakosa nini? Halafu, kabla hujaondoka, muachie namba yako.

Mtoto wangu alirudi darasani. Alirudia mwaka. Wiki tatu tu, na karatasi moja ambayo hakuna mtu mkubwa nyumbani aliyeweza kuisoma, zilitugharimu mwaka mzima.